Mwaka wa Kicheko na Kimya

Karani Sefu amekufa. Tumemzika juzi baada ya swala ya alasiri, na kwa kuwa mimi ni mwanamke sikwenda makaburini. Nilikaa na wenzangu uani kwenye mkeka, magoti yakiniuma, nikawasikia wanaume waliorudi kuzika wakinywa kahawa upande wa pili wa ukuta. Hawakukaa sana kabla hawajaanza. Nani bondia mkubwa zaidi wa uzito wa juu, yule wa zamani kidogo mwenye maneno mengi, au huyu wa sasa anayemaliza watu kabla hawajatoa jasho? Mmoja akasema huyu wa sasa hana akili, ana ngumi tu. Mwingine akamjibu kwamba ngumi ndiyo akili ya bondia. Waliinua sauti, wakakumbuka kuwa wako msibani, wakaishusha, kisha ikapanda tena yenyewe. Marehemu angefurahi. Angetoka kwenye sanda akawasahihisha. Mimi nilichoka tu, nikachoka ghafla, kama mtu aliyerudishiwa kichwani mzigo alioutua zamani. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu aliniuliza kama nataka maji. Nikamwambia hapana, nataka kwenda nyumbani.

Nilikozaliwa na wazazi wangu walikuwa nani, hayo nayaacha. Hayana tofauti na ya watu wengine. Nataka kuueleza mwaka mmoja, ule niliokaa Mtaa wa Swahili, Kariakoo, nikiwa mke mpya wa Juma hamali, wakati wa Mwingereza, kabla ya vita vya pili. Tulipanga chumba cha mbele katika nyumba ya Bi Zena. Kuta za udongo na chokaa, paa la madebe yaliyokunjuliwa, ambalo mvua ikinyesha huwezi kumsikia mtu anayekunong'oneza sikioni. Kitanda cha kamba, sanduku moja la mbao, mkeka, koroboi, na dirisha dogo la mbao lililofungukia barazani. Dirisha hilo ndilo lililonisomesha. Mke mpya hakuwa mtu wa kuzurura mchana, kwa hiyo nilikaa ndani nikichambua mchicha au nikikuna nazi, na dunia yote ikaniingilia kwa pale, pamoja na vumbi la barabarani na harufu ya samaki wanaopitishwa kwenda sokoni.

Kila alasiri barazani palikaa watu wengi, lakini waliosema walikuwa wawili. Wa kwanza ndiye huyu Sefu tuliyemzika, wakati huo kijana mwembamba mwenye miwani, karani wa forodhani, anayejua kusoma Kiingereza. Alivaa kanzu nyeupe na koti juu yake hata kwenye joto la Januari. Wa pili aliitwa Bwana Farahani, muuza kahawa, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, aliyewahi kuwa askari wa Mjerumani katika vita vya kwanza na kutoka humo na mguu unaochechemea. Farahani alipitisha kahawa mitaani asubuhi, na alasiri akaja kutua dele lake la kahawa kwetu, akakaa. Mume wangu alikaa nao akirudi bandarini. Juma alikuwa mtu mkubwa sana. Mlango wetu aliingia kwa kuinama, tena kwa ubavu. Lakini hakuwa msemaji. Alinywa kahawa yake, akafunga macho, akawasikiliza. Nadhani ilikuwa namna yake ya kupumzika.

Walibishana juu ya mabondia wawili weusi wa Marekani. Majina yao ya kweli Sefu aliyajua, lakini ndimi za baraza letu hazikuyaweza, kwa hiyo wakapewa ya kwetu. Wa zamani, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu kabla ya vita vya Mjerumani, walimwita Kicheko, maana inasemekana aliwacheka Wazungu huku akiwapiga. Wa sasa, kijana aliyekuwa anapanda, walimwita Kimya. Huyo hakucheka, hakutukana, alipiga, akarudi kwenye kona yake akatazama chini. Farahani alikuwa mtu wa Kicheko. Alizisikia habari zake kwa mabaharia, akiwa kijana, akawa anazisimulia kana kwamba alikuwepo.

"Alikuwa anampiga Mzungu huku anamwuliza habari za nyumbani," alisema siku moja, nami ndani nikazuia kucheka. "Hujambo? Pa! Watoto hawajambo? Pa!"

"Ndiyo sababu walimfukuza nchini kwake," Sefu akajibu. "Na alipoondoka wakafunga mlango. Kila mtu mweusi aliyekuja nyuma yake akaambiwa wewe hupiti, tumeshaona ya mwenzako. Miaka mingi hiyo, Bwana Farahani! Sasa Kimya anaufungua mlango uleule, kwa adabu."

"Kwa adabu. Kama wewe pale forodhani."

"Kama mimi pale forodhani. Na mimi nina meza yangu. Wewe una nini?"

"Mimi nina kicheko," akasema Farahani, na baraza zima likaangua.

Niliwapenda siku zile, sikatai. Nilikuwa mgeni mjini, na ubishi wao ulikuwa kama taarabu ya bure. Nilijua hata wakati huo kwamba hawabishani juu ya ngumi. Walikuwa wanaulizana mtu mweusi apite vipi mbele ya Mzungu bila kupoteza uso wake, na kila mmoja alikuwa ameshalijibu swali hilo kwa maisha yake, na hakutaka kuambiwa amejibu vibaya. Lakini walilijadili wakiwa wamekaa. Hilo nililielewa baadaye.

Kisha ikaja habari kwamba Kimya amepigwa. Siku hizo habari zilikuja kwa meli, zimechelewa, lakini zilipofika ziliumiza kama za jana. Sefu alikuja mapema kuliko kawaida, akakaa bila kusalimu. Farahani alikuwa ameshainua dele ammiminie, akalirudisha.

"Nani?" akauliza.

"Mjerumani. Amemwangusha mpaka akahesabiwa."

Mtu angedhani Farahani atafurahi, kwa kuwa ujana wake wote aliwatumikia Wajerumani, na tena Kimya hakuwa mtu wake. Alikaa akizungusha kikombe kitupu mkononi. "Nawajua hao," akasema mwishowe. "Hawachoki. Lakini yule kijana alikuwa wetu." Siku hiyo hakuna aliyebishana na mtu. Juma aliingia ndani mapema, akala ugali wa muhogo na papa wa nazi, akaacha nusu. Nilimwuliza kama samaki amezidi chumvi. Akasema hapana, Sefu amelia.

Na Sefu alikuwa na sababu yake, niliyoisikia siku chache baadaye kupitia dirisha. Kule kazini kwake Mzungu mmoja alikuwa ameliweka gazeti lenye picha ya Kimya akiwa chini, juu ya meza ya Sefu, na kila Mzungu aliyepita aliigonga ile picha kwa kidole, akaendelea na safari yake. Hawakumtukana. Waligonga tu. Sefu hakuthubutu kulitoa lile gazeti. Alifanya kazi akiizunguka ile picha mpaka jioni. Alipomaliza kusimulia, Farahani hakumdhihaki. Nilisikia sauti ya kahawa ikimiminwa.

Miezi ya kusi ilipoanza kuishia, meli moja ya mizigo iliharibika mashine, ikakwama bandarini ikingojea chuma kutoka Ulaya. Mabaharia wake hawakuwa na kazi. Jumapili walivaa glavu wakapigana masumbwi nyuma ya maghala, na waliokuwepo wakatazama. Miongoni mwao alikuwepo mmoja, mchochea makaa, mtu mkubwa mwenye nywele nyekundu, ambaye aliwapiga wenzake wote mpaka wakakosa mtu wa kumkabili. Sefu alikwenda kuona. Akampeleka na Farahani. Na jioni yake, kwa mara ya kwanza tangu niwasikie, wale wawili wakakubaliana juu ya jambo.

"Juma," Sefu alisema. Nakumbuka nilikuwa napepeta mchele, nikauacha ungo magotini. "Wewe unaonaje?"

Juma alikisukuma kikombe chake mbele. Pengine alidhani anaulizwa kama kahawa imetosha.

"Unaweza kusimama naye yule?"

"Yule nani?"

"Yule mwekundu. Jumapili. Mabaharia wenyewe wanataka mtu."

"Mimi sijui masumbwi," mume wangu akasema.

"Utafundishwa," akasema Farahani. "Mwili unao. Mungu amekwisha fanya sehemu kubwa."

Alipoingia ndani nilimwambia asikubali. Nilikuwa na jambo langu pia, nilikuwa nalihifadhi mpaka nihakikishe, nikalitoa usiku huo kabla ya wakati wake ili limzuie: nilikuwa na mimba. Alifurahi. Alinishika mkono akaubusu kiganja, jambo asilolizoea. Kisha akaniita kwa jina langu, akasema, "Hawa, miaka yote ninakaa nao pale. Hawajawahi kuniuliza neno hata moja. Leo wameniuliza." Nikapunguza utambi wa koroboi, tukalala.

Basi uani kwetu pakawa uwanja. Bi Zena alilalamika kwamba wanamkanyagia mchicha wake, kisha akaleta kigoda akakaa kutazama. Walijaza gunia pumba na mchanga, wakalitundika kwenye boriti ya jikoni, Juma akalipiga kila jioni akitoka kazini, amekwisha beba magunia mchana kutwa. Mimi nilimpikia supu ya makongoro na mayai. Sefu alisimama upande mmoja na maelekezo aliyoyasoma: mikono juu, kidevu chini, usiseme, usicheke, tulia kama Kimya. Farahani alisimama upande wa pili akichechemea: mcheke, mwambie maneno, mwonyeshe huogopi, mtu akikasirika hupiga hewa. Huyu akisema songa kushoto, huyu anasema ameona, ni kulia. Juma aliwatii wote wawili. Wakati mwingine alisimama katikati ya uani mikono imeinuka, jasho linamtiririka, akimtazama huyu kisha yule, akingoja wamalize, na wao walikuwa wamegeukiana wanabishana juu ya pigano la ng'ambo lililopiganwa kabla yeye hajazaliwa.

Siku yenyewe nilioka mkate wa kumimina ili mikono yangu iwe na kazi. Ulikuwa mchana wenye jua kali, mtaa umetulia kwa kuwa wanaume wote walikuwa wamekwenda. Bi Zena alikuja kukaa na mimi, akavuta uradi. Nilipalia makaa juu na chini, nikasahau, mkate ukaungua upande mmoja. Tukasikia mtaa unarejea, miguu mingi, lakini bila kelele. Watu walioshinda hupiga kelele. Bi Zena alisimama kabla yangu.

Walimleta kwenye mkokoteni wa sokoni, ule wa kubebea ndizi, miguu yake ikining'inia nje. Sikio la kushoto lilikuwa linatoka damu na kitu kingine chenye rangi ya maji. Macho yalikuwa wazi. Aliniona, akataka kuteremka mwenyewe, na alipoweka mguu chini akaanguka kama mtu aliyelewa. Sefu alikuwa ameshika koti la Juma, analikunja na kulikunjua. Farahani hakuinua uso.

Ilivyokuwa nilielezwa na Juma mwenyewe, vipande vipande, kwa miaka. Mwanzoni alifanya vizuri. Alimpiga yule mwekundu kifuani akamsukuma mpaka ukutani mwa ghala, watu wakashangilia. Ndipo wakaanza wale wawili. Sefu akipiga kelele kutoka huku, "Tulia! Mikono juu!" na Farahani kutoka kule, "Mcheke! Mcheke, Juma!" Na Juma, aliyezoea kuwatii wote wawili, aligeuza kichwa asikie vizuri. Hapo ndipo ngumi ilipomkuta sikioni. Alianguka, akainuka, akaanguka, akainuka tena. Wale wawili waliendelea kupiga kelele. Aliyemaliza pigano ni yule Mzungu. Alivua glavu akazitupa, akaja akamshika Juma makwapani, wakasimama hivyo wamekumbatiana katikati ya watu, Mzungu akisema maneno ambayo hakuna aliyemtafsiria.

Sikio halikupona. Kizunguzungu kilipungua lakini hakikuondoka, na mtu mwenye kizunguzungu hawezi kupanda ubao wa tishari la kupakulia meli akiwa na gunia mgongoni. Alijaribu mara moja, akatumbukia majini na gunia la kahawa ya watu, msimamizi akamwambia asirudi. Akawa anauza nazi sokoni Kariakoo, amekaa chini, mtu mkubwa yule, na rundo la nazi mbele yake. Wanunuzi walidhani ana kiburi kwa sababu wakimsemesha kutoka kushoto hakuwajibu.

Mwanzoni Sefu na Farahani walikuja kila siku. Lazima niseme haki. Sefu alileta dawa ya hospitali na mapapai, akaniita "shemeji" kwa sauti ya chini kama mtu aliyeingia msikitini. Farahani alimkanda shingo kwa mafuta ya nazi, akamsomea. Lakini binadamu hawezi kukaa kimya na hatia kwa muda mrefu. Lazima aifanye kuwa habari. Haukupita mwezi wa Ramadhani ila nilianza kuwasikia tena barazani, kwanza kwa kunong'ona. Angeiweka mikono juu. Hapana, angecheka. Mguu wa kushoto ulikuwa nyuma mno. Ngumi ile ya kifuani ilikuwa nzuri kuliko ya Kimya, ila haikufuatiwa na nyingine. Wakamweka Juma kwenye orodha yao pamoja na mabingwa, wakampima, wakamtoa kasoro. Na yeye alikuwa amelala ndani, hatua chache kutoka hapo, amelalia sikio lake zima. Nilidhani amesinzia. Kumbe ndivyo alivyojifunza kulifunga lile dirisha.

Mtoto alizaliwa, wa kike, salama. Na mtoto alikuwa bado ni wa kubebwa begani ilipokuja habari kwamba Kimya sasa ndiye bingwa wa dunia. Mtu mweusi, bingwa, kwa mara ya kwanza tangu Kicheko. Kariakoo ililipuka. Watu walipiga madebe, Farahani aligawa kahawa bure, na Sefu alitokea njiani anakimbia, koti linapepea, gazeti limeinuliwa kama bendera.

"Juma!" aliita dirishani. "Juma, toka nje! Tumeshinda!"

Juma alikuwa anakula. Alinawa mikono taratibu, akainama, akatoka. Nilikwenda dirishani na mtoto. Walimpisha akae mahali pazuri, wakamshika mabega, watu wote wanasema kwa pamoja. Sefu alikuwa ameshaanza kueleza kwamba sasa imethibitika, adabu ndiyo njia, na Farahani kwamba bila Kicheko kuchungulia mlangoni Kimya asingejua kama upo. Juma aliwatazama midomo, mmoja baada ya mwingine.

"Nani ameshinda?" akauliza.

"Sisi!" Sefu akasema. "Sisi sote!"

"Mimi sikushinda," Juma akasema. Hakuinua sauti, lakini kwa kuwa hakuwa msemaji watu walinyamaza. "Yule mtu alikuwa ananuka makaa ya mawe, kama mimi. Aliponipiga sikioni nilimwona ameogopa. Aliogopa kwa ajili yangu. Akaja akanishika nisianguke. Nyinyi ndugu zangu mlikuwa mnapiga kelele." Alilionyesha gazeti la Sefu kwa kidole. "Huyo Kimya, na huyo Kicheko, labda nao wana watu wao wa kupiga kelele. Mimi nawahurumia wote wawili. Mwacheni Kimya apumzike leo, ameshapigana."

Alirudi ndani akamalizia chakula chake. Nje madebe ya mtaa wa pili yalisikika mbali. Kisha nikasikia fimbo ya Farahani ikiondoka, mguu mzima na mguu unaoburutwa. Sefu alibaki peke yake. Alikuja dirishani, miwani imeingia ukungu, akanitazama mimi badala ya Juma. "Shemeji," akasema, "mwambie..." Nikamwambia, "Mwambie mwenyewe, Bwana Sefu, ila uje upande wa kulia." Hakuja siku hiyo. Alikuja miaka mingi baadaye, yeye na Juma wakiwa wazee, na walichozungumza hawakunieleza, wala sikuuliza.

Kabla mwezi haujaisha tulihama. Juma alipata chumba upande wa Ilala, karibu na Mchikichini, nyumba ndogo isiyokuwa na baraza, dirisha linatazama migomba. Tulivibeba vitu vyetu kwa miguu, havikuwa vingi. Jioni ile nilipika wali kwa samaki wa kukaanga, nikatandika mkeka, nikamlaza mtoto, tukakaa kula. Ukimya wa pale ulinitisha. Nilikuwa nimezoea kula na sauti za wanaume kichwani mwangu, nikajikuta namsimulia Juma hiki na kile: jirani niliyemsalimu, bomba la maji liko wapi, mtoto ametabasamu. Nilisema sana. Aliendelea kula, macho kwenye sinia, hajibu. Nikadhani amekasirika, nikanyamaza. Ndipo akaniona nimenyamaza, akajua nilikuwa nasema.

"Hawa," akasema, "sikusikii."

Nikainuka nikazunguka sinia, nikakaa kulia kwake, nikaanza upya tangu mwanzo, habari za jirani na bomba na mtoto. Na huko kulia ndiko nilikokaa, kwa miaka yote iliyofuata, mpaka walipokuja kumchukua kumwosha.